Kalenda, ratiba na tiketi: Kiswahili cha kuunganisha kalenda ya timu na kazi ya programu

kalenda nm [i-/zi-] 1. mpangilio wa siku, majuma na miezi ya mwaka. 2. (kompyuta) programu inayohifadhi matukio ya mtu au ya kundi yakiwa na tarehe na saa, na inayoweza kusomwa na programu nyingine.

Maana ya pili ndiyo inayohusika hapa. Timu inayotengeneza programu za kompyuta huandika ahadi zake mahali pawili. Pa kwanza ni kalenda: vikao, likizo, siku ya kutoa toleo jipya, zamu ya anayeamshwa usiku seva ikianguka. Pa pili ni orodha ya kazi, kwa kawaida katika mfumo kama GitHub, GitLab au Jira, ambamo kila kazi ina namba yake, mhusika wake na tarehe yake. Sehemu hizi mbili zikiachwa kila moja peke yake hupishana: orodha yasema toleo litatoka Alhamisi, kalenda yasema Ijumaa, na kila mmoja anaamini ile aliyoitazama mwisho. Ndiyo maana timu huziunganisha, ili tarehe ikibadilika upande mmoja, upande wa pili ubadilike bila mkono wa mtu.

Hapo lugha huanza kudai uangalifu wa namna nyingine. Mtu akiambiwa "tukutane saa tatu" humtazama msemaji, akakumbuka kwamba ofisi hufunguliwa asubuhi, akaelewa. Mashine haina la kukumbuka. Neno lililoandikwa katika kanuni ya kuanzisha kazi au katika sehemu ya tarehe hugeuka amri, na utata ambao katika mazungumzo ungeondolewa kwa swali moja huishia kwenye seva iliyozimwa wakati wateja wapo. Wanaokutana na tatizo hili kwanza ni wafasiri wa menyu na maelezo ya programu, na walimu wanaofundisha Kiswahili cha teknolojia.

Kalenda, ratiba, tukio, miadi

Kalenda ni chombo. Ratiba ni mpango uliomo ndani yake. Timu huweza kuwa na kalenda moja yenye ratiba ya matoleo, ratiba ya zamu na ratiba ya vikao. "Fungua ratiba", kwa maana ya kufungua programu ya kalenda, inaeleweka lakini ni tafsiri legevu. Neno *takwimu* limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kalenda, na maana hiyo ilipata kutumika hata katika Kiswahili. Halifai kurudishwa: msomaji wa leo atadhani anaonyeshwa idadi ya kazi zilizokamilika.

Kila kinachoingizwa katika kalenda ni *tukio* [li-/ya-]. Ni neno pana lisilo na upande, nalo ndilo lifaalo kwenye menyu. *Miadi* ni makubaliano ya watu kukutana. Seva haiwezi kuwa na miadi na msimbo, kwa hiyo "miadi ya kutoa toleo" husikika kama mzaha. Kwa siku ambayo kazi lazima iwe imekwisha, magazeti ya Kenya hupenda *makataa* [ya-], na Watanzania wengi husema *tarehe ya mwisho*. Katika kalenda istilahi hii ya pili ina kasoro moja. Tukio la siku nyingi nalo lina tarehe ya mwisho, yaani siku linapoisha, na mara nyingi sehemu zote mbili huwa kwenye skrini moja. Mfasiri atatenga kwa urahisi akiandika *makataa* kwa kazi na *mwisho wa tukio* kwa kalenda, hata kama hadhira yake ni ya Tanzania.

Upande wa kazi, neno lisemwalo hasa maofisini ni *tiketi* [i-/zi-]. Baadhi ya tafsiri huweka *tatizo*, nalo hupotosha, kwa kuwa ombi la kuongeza kitufe si tatizo. *Suala* ni bora kidogo, lakini hakuna mtengenezaji programu anayesikika akimwambia mwenzake "nimefunga masuala manne leo". *Msimbo* [u-/i-] ni maandishi ya programu yenyewe, *hifadhi ya msimbo* ni mahali yanapowekwa pamoja na historia yake, na *toleo* ni hali ya programu inayokabidhiwa watumiaji kwa namba au jina maalumu.

-unganisha na jamaa zake

Kitenzi *-unganisha* kimebebeshwa mizigo mitatu katika uwanja huu. Mtumiaji huunganisha akaunti yake ya kalenda na mfumo wa tiketi. Huunganisha tiketi fulani na tukio fulani. Kisha huunganisha tawi la msimbo na msimbo mkuu. Sentensi "imeunganishwa jana" basi haimwambii msomaji kama msimbo umeingia au kama kalenda imeanza kusoma. Njia ya kujinasua ni kugawa kazi: *-unganisha* ibaki kwa programu na akaunti, *-husisha* itumike kwa tiketi na tukio ("tiketi hii inahusishwa na kikao cha Jumatano"), *-jumuisha* itumike kwa tawi la msimbo ("tawi limejumuishwa katika msimbo mkuu"). *-changanya* iepukwe, maana msimbo uliochanganywa ni msimbo ulioharibiwa. *Kiungo* ni anwani inayobofywa. *Kiunganishi* walimu wamekwisha kukitwaa kwa ajili ya *na*, *lakini* na *kwa sababu*, na hakuna haja ya kuwanyang'anya.

Kwa tendo la kufanya pande mbili ziwe na habari ile ile, hutumika *-sawazisha* na *-landanisha*. La kwanza linajulikana zaidi, kwa kuwa limeenea katika menyu za simu, ingawa mpenzi wa kandanda ataona bao la dakika ya mwisho kabla ya kuona kalenda. La pili limejengwa juu ya *-landa*, yaani kufanana, na limebeba kiambishi cha kutendana ndani yake. Yote mawili yanakubalika. Kosa ni kuyatumia yote katika kazi moja, msomaji akadhani ni matendo tofauti.

Kiambishi hicho cha kutendana, *-an-*, kinastahili kutumiwa kwa makusudi. "Kalenda inasoma tiketi" inasema habari inakwenda upande mmoja: tarehe ya tiketi ikibadilika, tukio hubadilika, lakini mtu akivuta tukio katika kalenda, tiketi haijui. "Kalenda na mfumo wa tiketi zinaarifiana" inasema habari inakwenda na kurudi. Tofauti hii ni kubwa katika utendaji. Mfumo wa kuarifiana usiotambua mabadiliko uliyoyafanya wenyewe huweza kuzunguka bila kikomo: tiketi inabadilisha tukio, badiliko la tukio linahesabiwa kuwa habari mpya na kurudishwa kwenye tiketi, nayo inabadilisha tukio tena. Mwongozo unaosema "zinaunganishwa" tu umemficha msomaji jambo ambalo Kiswahili kingeweza kulisema kwa silabi moja.

Habari hizo husafiri kwa njia mbili. Ama mfumo mmoja huuliza kila baada ya dakika kadhaa kama kuna jipya, ama mfumo wenye jipya hupiga hodi kwa mwenzake mara jambo linapotokea. Watengenezaji programu huiita hodi hiyo *webhuku*. Katika njia zote mbili mpokeaji hana budi kujua kama analetewa tukio jipya au lile la zamani lililosogezwa. Kanuni ya iCalendar, iliyotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009 kwa namba RFC 5545, hulipa kila tukio kitambulisho cha pekee kwa ajili hiyo. Kitambulisho kilekile kikija tena, tukio *husasishwa*. Kikija kipya, tukio *huundwa*. Mfasiri anayeweka "-weka" kwa vitenzi vyote viwili hufuta tofauti ambayo ndiyo inayozuia kikao kimoja kuonekana mara tatu katika kalenda.

Saa

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kupambazuka na tangu kuchwa. Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua karibu na saa zilezile mwaka mzima, na hesabu hiyo ni sahihi na ya kudumu. Si kosa la kusahihishwa, kama baadhi ya miongozo ya kompyuta inavyodokeza. Taabu huanza inapoandikwa kwa tarakimu mahali ambapo mashine inasoma.

Chukua kikao cha Jumatatu saa tatu asubuhi mjini Nairobi au Dar es Salaam. Kwa mzungumzaji namba ni 3. Kwa saa ya ukutani ni 09:00. Kwa seva, ambazo nyingi huwekwa katika wakati wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi UTC, ni 06:00, kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya wakati huo. Namba tatu, muda mmoja, na kila moja ni sahihi mahali pake.

Sasa iwe timu inataka orodha ya tiketi za juma itumwe yenyewe kikao hicho kinapoanza. Katika mifumo mingi kazi ya namna hii hupangwa kwa mtindo wa cron, chombo cha tangu zama za Unix, ambacho husoma sehemu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya juma. Kwenye seva iliyo katika UTC maandishi sahihi ni haya:

0 6 * * 1

Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika anavyofikiri, saa *tatu* ya Juma*tatu*, ataandika:

0 3 * * 3

Mashine haitalalamika. Orodha itatumwa saa 03:00 UTC, yaani saa kumi na mbili asubuhi ya Afrika Mashariki, siku ya Jumatano. Kosa la saa limeeleweka. Kosa la siku litaelezwa katika sehemu inayofuata.

Tarakimu zenyewe zina mtego wa pili. Baadhi ya programu, zikiwa zimetafsiriwa nusu, huonyesha "9:00 asubuhi". Msomaji wa Kiswahili husoma "saa tisa", kisha hukwama, kwa kuwa saa tisa ni ya mchana au ya usiku wa manane na si ya asubuhi. Akiwa makini ataamini neno *asubuhi* na kuishuku namba. Akiwa na haraka ataiamini namba na kufika saa tisa mchana, kikao kimekwisha muda mrefu. Mwandishi wa maelezo anashauriwa kufuata mojawapo ya njia mbili na kutoziunganisha: ama saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, "saa 3:00 asubuhi", ama saa ya tarakimu nne isiyo na neno *saa* wala kipindi, "09:00". Pale ambapo wasomaji ni wa nchi nyingi, zote mbili ziandikwe, moja baada ya nyingine: "saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00 za Afrika Mashariki".

Nyongeza hiyo ya mwisho si pambo. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako saa moja nyuma ya Nairobi, na Muscat saa moja mbele. Timu yenye watu Bukavu na Mombasa ikiandikiana "saa tatu asubuhi" bila zaidi, mmoja atamsubiri mwenzake saa nzima. Kwa dhana hii istilahi zilizozoeleka ni *saa za eneo* na *ukanda wa saa*. Ya kwanza imeenea katika simu. Ya pili humsaidia mwalimu kueleza kwamba nchi kadhaa zinaweza kuwa katika ukanda mmoja. Katika faili za kalenda ukanda hutajwa kwa jina la bara na mji, kama Africa/Nairobi, na jina hilo halitafsiriwi: ni kitambulisho, na "Afrika/Nairobi" kwa herufi *k* halitatambuliwa na mashine.

Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa majira, lakini wenzao wa Ulaya hubadilisha. Kikao cha kila juma kilichofungwa kwa saa 10:00 za Berlin huwa saa sita mchana Nairobi wakati wa baridi, na saa tano wakati wa kiangazi cha huko. Hakuna aliyegusa kalenda. Kikao kimesogea chenyewe. Tukio linalojirudia linapoelezwa, basi, haitoshi kusema "kila Jumanne saa sita". Inafaa kusema linafuata saa za wapi.

Siku

Majina ya siku za Kiswahili yanaficha hesabu mbili. Jumamosi ni ya kwanza, kama *mosi* inavyoeleza, ikifuatwa na Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kisha hesabu inakatika: *Alhamisi* ni neno la Kiarabu lenye maana ya tano, katika juma linaloanza Jumapili, na *Ijumaa* ni siku ya kukusanyika. Kwa hiyo Kiswahili kina siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, jambo ambalo wanafunzi wageni hulifurahia na mashine haina habari nalo.

Mashine ina hesabu zake. Katika cron Jumapili ni 0, na mara nyingi 7 pia, Jumatatu ni 1, Jumatano ni 3. Katika kanuni ya kimataifa ya tarehe, ISO 8601, Jumatatu ni siku ya 1 ya juma na Jumapili ni ya 7. Kwa hiyo 3 ya jina *Jumatatu* huangukia Jumatano, na 5 ya jina *Jumatano* huangukia Ijumaa: mkengeuko wa siku mbili mbele, kila mara. Anayeujua mkengeuko huu hurekebisha kwa kutoa mbili. Afadhali zaidi ni kutumia herufi pale zinaporuhusiwa, kama iCalendar inavyofanya kwa vifupisho vya herufi mbili.

Kwa sababu hiyohiyo vifupisho vya mtaani J3, J4 na J5, ambavyo katika ujumbe wa simu havina ubaya wowote, visiingizwe katika vichwa vya tiketi. J5 ni Jumatano kwa anayeandika. Kwa mwenzake aliyezoea kuhesabu juma la kazi tangu Jumatatu inaweza kusomeka kama siku ya tano, yaani Ijumaa. Kifupisho cha herufi, *Jtt*, *Jnn*, *Jtn*, *Alh*, *Ij*, hakipendezi macho lakini hakina njia mbili za kusomwa.

Usiku una shida yake, na hapa hasara huwa kubwa, kwa kuwa kazi za hatari kama kubadilisha hifadhidata hupangwa usiku. Kwa hesabu ya asili ya pwani siku huanza jua linapotua, na *usiku wa Jumanne* ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Kwa wengi wa bara, na kwa vijana wengi wa mijini, ni ule unaoufuata. Tangazo "mfumo utafungwa saa nane usiku wa Jumanne" basi lina majibu mawili, 02:00 ya Jumanne na 02:00 ya Jumatano, yaliyopishana kwa siku nzima. Kiswahili cha habari kimekwisha kutatua jambo hili kwa *usiku wa kuamkia*: "saa nane usiku wa kuamkia Jumanne" ina jibu moja tu. Ni miongoni mwa misemo michache ya kawaida ambayo inaweza kuhamishiwa katika maelezo ya kiufundi bila kuguswa.

Saa sita usiku ni ndugu wa tatizo hilo. Makataa ya "Jumanne saa sita usiku" kwa binadamu ni mwisho wa Jumanne. Kwa mashine 00:00 ya Jumanne ni mwanzo wake, na tiketi itahesabiwa imechelewa kabla mhusika hajaamka. Makataa yaandikwe 23:59, au "saa 5:59 usiku", hata kama dakika hiyo moja inaonekana ya kijinga.

Hadi, mbele, nyuma

"Atakuwa likizo tarehe 10 hadi 12 Machi." Karibu kila msomaji ataelewa kuwa tarehe 12 hayupo. Faili ya iCalendar hufikiri tofauti: mwisho wa tukio ni mpaka usiohesabiwa ndani, na likizo hiyo sharti iandikwe inaisha tarehe 13. Programu nzuri hufanya ubadilishaji huo kimyakimya. Panapoandikwa programu ndogo ya kuhamisha likizo kutoka jedwali la ofisi hadi kalenda, mwandishi wake huweza kuiweka 12 kama alivyoisoma, na mfumo unaogawa tiketi kwa walio kazini utamkabidhi aliye likizo kazi ya dharura siku hiyo. *Hadi* na *mpaka* zote zina uwezekano wa kujumuisha na wa kutojumuisha. Anayetaka uhakika aongeze: "hadi mwisho wa tarehe 12", au "atarejea tarehe 13". La pili ni zuri zaidi, kwa kuwa linajibu swali ambalo timu inauliza hasa.

Mtego mwingine ni wa wafasiri zaidi. Katika Kiswahili mkutano *uliosogezwa mbele* umecheleweshwa: siku zijazo ziko mbele. Kiingereza hutumia neno la mbele kwa mkutano uliowahishwa. Mfasiri anayefuata neno badala ya maana atawaambia watu kikao ni baadaye, kumbe kimewahishwa, na watu watafika ukumbi ukiwa mtupu. *Kuwahisha* na *kuahirisha* havina utata huu. *Kuahirisha* kwa nguvu zake zote hakusemi hadi lini, na ndiyo maana arifa ya "kikao kimeahirishwa" bila tarehe mpya huzaa maswali kumi katika kundi la timu.

Kanuni: -ki-, -po-, kila, -sipo-

Mifumo ya kuunganisha huendeshwa kwa kanuni: jambo fulani likitokea, jambo jingine lifanyike. Sarufi ya Kiswahili ina zana nyingi kwa kazi hii kuliko inavyodhaniwa, na makosa hutokea zana inapochaguliwa kwa mazoea.

"Tiketi ikifungwa, tukio hufutwa." Hapa *-ki-* inaeleza sharti na *hu-* inaeleza desturi, ndiyo sentensi safi ya kanuni. "Tiketi ikifungwa, tukio litafutwa" nayo ni sahihi, lakini husomeka kama ahadi ya mara moja, na inafaa zaidi katika ujumbe wa kumwonya mtumiaji aliye karibu kubofya. "Tiketi inapofungwa" husisitiza wakati: jambo litatokea, swali ni lini. Kanuni inayojirudia iongezewe *kila*: "kila tiketi inapofungwa". Si sahihi kuandika "tiketi ingefungwa, tukio lingefutwa", ingawa tafsiri za mashine huliweka mara nyingine: *-nge-* huleta hali ya kudhania tu, na msomaji atafikiri mfumo huo haujawashwa.

Ukanushi ndio unaosahauliwa. "Tiketi *isipofungwa* kabla ya makataa, mhusika huarifiwa" ni kanuni moja; "tiketi *isiyofungwa* kabla ya makataa huhamishiwa toleo lijalo" ni nyingine, ambamo kirejeshi kinaainisha aina ya tiketi badala ya kuweka sharti. Tofauti ni ndogo kwa sikio, lakini mwanafunzi anayeweza kuieleza hapati shida ya kuamua ni sehemu gani ya kanuni iwekwe kwenye kichujio na ipi iwe kichocheo.

Kwa sifa ya mfumo mzima, *-a kiotomatiki* ni kivumishi na *kiotomatiki* ni kielezi: "kanuni ya kiotomatiki", "hufutwa kiotomatiki". Kitenzi *-otomatisha* kinasikika, na huenda kikashika. Kwa sasa "kufanya kazi ijiendeshe" hueleweka na wengi zaidi. Katika sentensi za kanuni neno hili mara nyingi ni la ziada. *Hufutwa*, bila mtendaji, tayari imesema kwamba hakuna mtu anayefuta.

Arifa na upatanisho wa ngeli

Arifa zinazotumwa na mfumo huundwa kwa kiolezo chenye nafasi tupu: jina la kitu, kisha kitenzi. Katika lugha isiyo na ngeli kitenzi kimoja hutosha. Katika Kiswahili nafasi hiyo hudai tiketi *imefungwa*, tukio *limefungwa*, mkutano *umefungwa*, kikao *kimefungwa*. Kiolezo chenye "imefungwa" peke yake kitatoa "Kikao cha Jumatano imefungwa", sentensi ambayo mwalimu wa darasa la nne angeitia alama nyekundu na ambayo hushusha hadhi ya programu nzima machoni pa wasomaji.

Dawa rahisi ni kumwomba mtengenezaji programu kiolezo cha pekee kwa kila aina ya kitu. Akikataa, mfasiri aanze na nomino isiyobadilika na kuweka jina baada ya nukta mbili: "Tukio limeahirishwa: Kikao cha Jumatano", "Tukio limeahirishwa: Likizo". Upatanisho unafuata *tukio*, na jina linalokuja baadaye halina la kudai. Dawa hii haifai pale idadi inapohusika, kwa kuwa nomino yenyewe hubadilika: "tukio 1 limeahirishwa", "matukio 4 yameahirishwa". Hapo violezo viwili havikwepeki, na mifumo mingi ya tafsiri inayo nafasi ya umoja na ya wingi kwa Kiswahili. Kwa *tiketi* jina halibadiliki lakini kitenzi hubadilika, "tiketi 1 imefungwa", "tiketi 4 zimefungwa", na hapo ndipo mfasiri mwenye haraka hudanganyika akajaza nafasi zote mbili kwa sentensi ileile.

Njeo ya arifa iwe *-me-*, si *-li-*. "Toleo limetoka" humwambia msomaji hali iliyopo anaposoma. "Toleo lilitoka" humfanya ajiulize kama limeondolewa tena. Katika kumbukumbu za matendo ya mfumo, zinazosomwa siku nyingi baadaye zikiwa na tarehe pembeni, *-li-* ndiyo ifaayo.